Kukwangua tovuti za serikali: chombo kipo, tukitumie vipi?

(Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyoyatoa mbele ya Waswahili wenzetu wa hapa Uingereza. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema. Nimeondoa maswali ya katikati tu.)



Nimeombwa nizungumzie kompyuta, na naona baadhi yenu mmeshaanza kutizama saa. Msiwe na wasiwasi, mazungumzo yenyewe ni ya siasa kama ilivyo ada yetu, ila leo tutaingilia mlango wa uani. Kila baada ya uchaguzi huko nyumbani sisi tuliopo nje hupigizana kelele wiki mbili tatu. Kura zimeibiwa, hazikuibiwa, fulani kasema, fulani kakanusha, karatasi imepigwa picha inazunguka kwenye simu na hakuna anayejua imetoka kituo gani. Halafu tunachoka, tunarudi makazini. Mimi nasema katika ugomvi huo ipo sehemu inayoweza kumalizwa kwa hesabu, na chombo cha kukusanyia hesabu hizo ni cha bure. Tena vijana wetu wengi hapa wanakijua, kwa sababu ndicho wanachokitumia makazini kufuatilia bei za tiketi za ndege na za nyumba.

Chombo chenyewe ni kivinjari kisicho na dirisha, kinachoendeshwa na dereva ambaye ni programu. Kivinjari ni ile Chrome au Firefox mnayofungulia intaneti kila siku. Hiki nacho ni Chrome ile ile, injini yake ile ile, ila hakifungui dirisha kwenye skrini. Wenyewe wanakiita kivinjari kisicho na kichwa, jina la kutisha watoto, lakini maana yake ni kwamba hakuna cha kutizama. Kinafungua kurasa, kinabonyeza vitufe, kinajaza fomu, kinashusha faili, yote hayo kimya kimya, hata kwenye seva ambayo haina skrini kabisa. Na anayekipa amri ni programu uliyoiandika wewe kwa lugha ya JavaScript. Kazi ya kuchukua habari kutoka kurasa namna hiyo ndiyo inayoitwa kukwangua, na neno hili ni zuri kwa sababu ndivyo ilivyo khasa. Ukoko umeganda chini ya sufuria, chakula kipo, lakini hakimiminiki wenyewe mpaka uukwangue.

Kwa nini tunahitaji kivinjari kizima? Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa kama gazeti. Ukiuomba, seva inakuletea wote, maneno na takwimu zimo ndani, na programu ya mistari kumi inatosha kuuchambua. Siku hizi kurasa nyingi haziji hivyo. Kinachokuja mwanzo ni fremu tupu pamoja na programu ya JavaScript. Programu ile ikishafika kwenye kompyuta yako ndiyo inayorudi tena kwenye seva kuomba takwimu, kisha inazipanga mbele ya macho yako. Ukiuchukua ukurasa huo kwa njia ya zamani unapata kitanda bila ya godoro. Takwimu hazimo, kwa sababu hakuna aliyeiendesha ile programu. Kivinjari kisicho na dirisha kinaiendesha.

Historia yake nitaipitia haraka. JavaScript ilitungwa 1995 na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape, kwa siku kumi, na ukiitumia kwa muda utaziona hizo siku kumi. Mwaka 2009 Ryan Dahl alitoa Node.js, na JavaScript ikaweza kuendeshwa nje ya kivinjari. Upande wa dereva, Jason Huggins alianzisha Selenium mwaka 2004 akiwa katika kampuni ya ThoughtWorks, Chicago, naye hakukusudia kukwangua chochote. Alitaka mashine imsaidie kujaribu tovuti, asikae mtu kutwa anabonyeza vitufe vile vile. Mwaka 2011 Ariya Hidayat alitoa PhantomJS, na watu wengi walianzia hapo. Ilipofika 2017 Chrome yenyewe iliweka namna ya kwenda bila ya dirisha, Google wakatoa Puppeteer mwaka huo huo, na 2018 PhantomJS ikasimamishwa. Mwaka 2020 Microsoft wakatoa Playwright, inayoweza kuendesha Chromium, Firefox na WebKit kwa amri zile zile. Mimi natumia Playwright, na sina ugomvi na mtu wa Puppeteer.

Sasa twende Kenya.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa kituoni ndiyo ya mwisho, na hakuna mkubwa wa Nairobi mwenye haki ya kuyabadilisha. Kwa hivyo karatasi yenye uzito kuliko zote ikawa Fomu 34A, ile inayojazwa kwa mkono pale pale kituoni na kutiwa saini na mawakala. Agosti mwaka huo huo tume ikatangaza mshindi na huku fomu zote za vituo hazijaifikia, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi. Mnakumbuka ilivyokuwa, hata sisi Watanzania tulitembea kifua mbele siku ile kama kwamba ni mahakama yetu.

Uchaguzi uliofuata, wa tarehe 9 Agosti 2022, tume ilifanya jambo ambalo kwa nchi zetu ni kubwa. Ilifungua tovuti na kuziweka Fomu 34A humo kila mtu azione. Vituo vilikuwa 46,229, pamoja na vile vya Wakenya waliopiga kura katika nchi 12 za nje, zikiwemo Uingereza hapa, Marekani, Qatar na Emirati. Vyombo vya habari viliweka watu wakinakili takwimu kutoka kwenye fomu, kila chombo kwa mpangilio wake, na kwa siku kadhaa anayeongoza alikuwa anategemea umefungua stesheni gani. Tarehe 15 Agosti matokeo yakatangazwa, Ruto kura 7,176,141 na Odinga 6,942,930. Muda mfupi kabla ya tangazo hilo makamishna wanne kati ya saba walikuwa wameshasimama katika hoteli ya Serena kuyakana.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Siku ya pili yake makamishna wale wanne walisema asilimia zilizotangazwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni kiasi cha kura 142,000. Khabari hiyo ilizunguka dunia nzima. Chukueni kalamu. Jumla ya kura halali za wagombea wanne ilikuwa 14,213,027. Asilimia 0.01 ya hiyo ni kura 1,421. Tena hata hizo 1,421 hazikuwepo, zilitokana na kuzungushia desimali tu, maana 50.49 na 48.85 na 0.44 na 0.23 ukizijumlisha unapata 100.01 bila ya mtu kuiba chochote. Simtetei aliyetangazwa wala aliyeshindwa. Nasema mtu mwenye fomu zote mkononi alikuwa hana haja ya kusubiri kamishna huyu wala yule, anajumlisha mwenyewe.

Na jee, angezipata vipi kwa wakati? Katiba ya Kenya inampa mlalamikaji siku 7 kupeleka kesi ya urais, na mahakama siku 14 kuiamua. Tuseme kuifungua fomu moja kwa mkono, kuchagua kaunti, jimbo, wadi na kituo, kuishusha na kuipa jina, ni dakika moja kwa mtu mwepesi. Fomu 46,229 ni saa 770, yaani siku 32 bila ya kulala. Kesi imekwisha zamani. Dereva akishusha fomu moja kila sekunde 3 anamaliza kwa saa 38 na nusu. Ijumaa magharibi unamuacha, Jumapili asubuhi umeamka kazi imekwisha. Tofauti ya siku 32 na saa 38 ndiyo tofauti ya kulalamika na kuwa na ushahidi.

Programu yenyewe inaandikwaje? Nitaieleza kwa maneno. Unamwambia dereva fungua kivinjari, nenda anuani hii, subiri mpaka orodha ya kaunti itokee, chagua Mombasa, subiri, chagua Mvita, subiri, chagua Tudor, subiri, shusha kila fomu iliyopo, rudi nyuma, endelea na wadi inayofuata. Mmesikia neno subiri limerudi mara ngapi. Hapo ndipo penye kazi. Kijana anayeanza humwambia dereva asubiri sekunde 5 kila mahali, na hiyo ni kamari. Siku tovuti imechoka sekunde 5 hazitoshi na dereva anasoma ukurasa mtupu, na siku nyepesi umepoteza muda bure. Dereva aambiwe asubiri kitu, asisubiri saa. Asubiri mpaka jina la wadi lionekane, au mpaka lile jibu fulani litoke kwenye seva. Playwright inafanya sehemu ya kusubiri huku wenyewe, lakini usiitegemee kwa kila kitu.

Jambo jengine ambalo wenye ujuzi hawalisemi mapema. Mara nyingi kivinjari unakihitaji siku ya kwanza tu. Unakifungua, unasikiliza mazungumzo baina ya ukurasa na seva yake, unaona kwamba ukurasa unaomba orodha ya vituo kutoka anuani fulani na unajibiwa kwa maandishi safi yaliyopangwa. Kama anuani hiyo iko wazi kwa kila mgeni, muache dereva apumzike, iombe mwenyewe moja kwa moja. Ni wepesi zaidi kwako na ni mwepesi zaidi kwa seva yao, kwa sababu huiombi picha na nembo na mapambo mara elfu arobaini.

Halafu hakiki. Mashine haina haya. Ukiiambia ishushe fomu na seva ikajibu kwa ukurasa wa kusema "jaribu tena baadaye", itauhifadhi ukurasa huo kwa jina la fomu na itaendelea na safari yake. Kwa hivyo kila faili lichunguzwe. Faili la PDF huanza kwa alama zake maalum, likianza kwa kitu chengine si fomu. Faili dogo kupita kiasi litiliwe shaka. Mafaili mawili yenye majina mbali mbali lakini yaliyomo ni yale yale, ulizia. Na mwisho wa siku uwe na hesabu tatu zinazokubaliana, yaani vituo vilivyotangazwa, fomu zilizokuwepo kwenye tovuti, na fomu ulizonazo. Zisipokubaliana, kituo kinachokosekana kiandikwe jina lake, kisifunikwe.

Kuzisoma ni kazi nyengine. Fomu zile zimejazwa kwa mkono na kupigwa picha, nyengine zimepinda, nyengine 1 imefanana na 7. Nimeona watu wanaamini kwamba mashine itasoma mwandiko wa msimamizi wa kituo aliyekuwa hajalala siku mbili. Itasoma nyingi, na zile itakazokosea hutajua ni zipi. Njia ya zamani ndiyo bora. Watu wawili waandike takwimu za fomu moja bila ya kuonana, mashine ilinganishe, wakitofautiana aitwe wa tatu. Hapa ndipo mama zetu na wazee wetu wasiojua hata neno moja la JavaScript wanapohitajika kuliko sisi, na wengi wao wana uvumilivu ambao vijana hatuna.

Sasa swali ambalo najua linakuja. Tukishakuwa na jumla yetu, nani atatuamini?

Hakuna, na wala wasituamini. Mnaikumbuka hukumu ya tarehe 5 Septemba 2022. Mahakama ya Juu ya Kenya iliyakubali matokeo kwa sauti moja, na katika sababu zake ilisema kwamba baadhi ya kumbukumbu za kompyuta zilizoletwa kuthibitisha udukuzi zilikuwa za uchaguzi wa 2017 au za kughushi kabisa. Msajili wa mahakama naye alizilinganisha fomu za asili na zile za kwenye tovuti, na hakuonekana tofauti kubwa. Upende hukumu au usiipende, jambo moja liko wazi. Karatasi isiyojulikana ilikotoka ilidhoofisha hata hoja zilizokuwa nzuri zilizokaa karibu nayo.

Kwa hivyo kila faili tulichukue pamoja na nasaba yake. Anuani lilikotoka, saa na dakika lilipochukuliwa, na alama yake ya SHA-256. Alama hii ni mfano wa alama ya kidole ya faili, herufi na tarakimu 64 zinazotokana na hesabu ya kila kilichomo ndani. Ukibadilisha nukta moja ya fomu, alama inakuwa nyengine kabisa. Orodha ya alama hizo tunaitangaza siku ile ile, kabla hatujajumlisha chochote na kabla hatujajua nani ameshinda kwa hesabu zetu. Na programu iliyozichukua tunaitangaza nayo, kila mstari, ili yule anayetupinga aiendeshe mwenyewe kwenye kompyuta yake na aone kama anapata kile tulichokipata. Dereva arudishwe pia baada ya siku mbili na baada ya wiki, azichukue tena. Fomu ya kituo fulani ikiwa alama yake imebadilika, hatusemi wizi, tunasema fomu hii ilibadilishwa baina ya tarehe hii na hii, hizi hapa zote mbili. Hesabu ambayo mwengine hawezi kuirudia ni uvumi, hata ikiwa imetoka kwetu na hata ikiwa ni kweli.

Kuhusu sheria nitakuwa mkali kidogo. Sheria ya hapa ya 1990 ya matumizi mabaya ya kompyuta inakataza kuingia usikoruhusiwa, na kuidhoofisha kompyuta ya mwengine isifanye kazi ni kosa pia. Kenya wana sheria yao ya 2018. Huko Marekani kampuni iitwayo hiQ ilipambana na LinkedIn, na mahakama ya rufaa ya huko, 2019 na tena 2022, ilielekea kusema kwamba kukwangua kurasa zilizo wazi kwa umma si uvamizi wa kompyuta. Watu wakashangilia, hawakusoma mwisho. Mwishoni mwa 2022 hiQ ilionekana imevunja masharti ya matumizi iliyoyakubali, na kesi ikamalizwa kwa maafikiano. Somo langu ni jepesi. Penye nenosiri usipite. Penye fumbo la kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu usilitegue kwa hila. Lile faili la robots.txt, desturi iliyoanza 1994, lisome uone wenyewe wametaka nini. Dereva ajitaje jina, aweke na anuani ya barua pepe ya kuulizia. Kivinjari kinachoendeshwa na dereva huwa na alama ya kusema kwamba kinaendeshwa, na wako wanaohangaika kuifuta. Sisi tusiifute. Tunachukua karatasi ya umma mchana kweupe, tufiche nini?

Na aende polepole. Hapa kuna hatari moja ambayo ni ya kwetu sisi khasa, wenye mapenzi. Mmoja wetu akiandika programu nzuri, atawapa wenzake mia kwa moyo mweupe, wa London na wa Toronto na wa Maskati, kila mmoja aiendeshe usiku wa matokeo. Fomu moja kila sekunde 3 mara watu mia ni zaidi ya maombi 33 kwa sekunde. Tovuti inaanguka, mwananchi wa Kisumu na wa Lamu hawezi kuiona fomu ya kituo chake mwenyewe, na asubuhi tume inatangaza kwamba imeshambuliwa kutoka nje. Na itakuwa inasema kweli! Basi ashushe mmoja, na awepo wa pili wa akiba. Wengine wote wapokee kutoka kwake.

Kuna na haki za watu. Kwenye Fomu 34A mna majina ya mawakala, nambari zao za vitambulisho, simu zao na saini zao. Karatasi moja ukutani kituoni ni jambo moja, lakini orodha ya mawakala wa nchi nzima inayotafutika kwa jina na kwa chama ni jambo jengine kabisa. Ukimpa orodha hiyo mwenye nia mbaya umempa ramani ya nyumba za watu. Sisi tutachukua takwimu za kura na jina la kituo, basi. Sehemu ya mawakala tunaificha katika nakala zozote tutakazozitoa, na za asili zinabaki zimefungwa kwa ajili ya mahakama au mkaguzi atakayezihitaji.

Naona ndugu zangu wa Zanzibar na wa Bara mnanitizama kwa jicho la "haya ni ya Kenya, sisi jee?" Nijibu bila ya kuzunguka. Dereva anachukua kilichowekwa, na hawezi kuchukua kisichowekwa. Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa tume ya Zanzibar aliufuta uchaguzi siku tatu baada ya watu kupiga kura, ukarudiwa Machi 20, 2016 na CUF wakaususia. Hakuna kivinjari duniani kingeuzuia ufutaji ule. Lakini fomu za vituo vyote zingekuwa kwenye tovuti usiku wa tarehe 25, tungebishana juu ya takwimu zinazoonekana, na kwa miaka yote hii hakuna mtoto wa Kizanzibari ambaye angehitaji kuhadithiwa na babu yake nani alishinda. Wiki ile ile Dar es Salaam polisi waliingia katika kituo cha watazamaji wa ndani wa uchaguzi, wakakamata wafanyakazi na kuchukua kompyuta na simu, wakitumia Sheria ya Makosa ya Mtandao iliyopitishwa mwaka huo huo. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ikabadilishwa ikawa ni kosa kutangaza takwimu za kupingana na za serikali, mpaka ilipolegezwa 2019. Na Oktoba 29, 2025, siku ya kura, intaneti ilikatwa Tanzania nzima, ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Wengi wetu humu hatukuweza hata kusikia sauti za wazee wetu tujue kama wazima. Siku kama hiyo dereva hana safari.

Kwa hivyo kwa Tanzania dai letu la mwanzo ni la kisiasa, wala si la kompyuta. Fomu za vituo ziwekwe wazi, zote, usiku ule ule. Kenya imeonyesha kwamba nchi haianguki zikiwekwa. Huku tukidai, yapo yaliyokwisha kuwekwa na ambayo hatuyahifadhi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zinatolewa kila mwaka. Majadiliano ya Bunge yanachapwa. Tovuti za serikali zinabadilishwa sura, viungo vinakufa, na ripoti uliyoisoma mwaka juzi ukiitafuta unakuta ukurasa wa kuomba radhi. Hapo dereva anafaa sana. Mara moja kwa mwezi, polepole, usiku wa huko ambapo hakuna msongamano, apite aone kipi kipya, akichukue na alama yake, akiweke. Si kazi ya kusisimua na hakuna atakayekupigia makofi. Lakini mtu wa nyumbani anayeandika habari za ubadhirifu wa halmashauri yake, halafu akaulizwa ushahidi wako uko wapi, atahitaji nakala iliyoko mahali ambapo hapawezi kufikiwa na mwenye hasira naye. Sisi tuko mahali hapo. Hilo yeye hana na sisi tunalo, wala hatukulifanyia kazi ya kujisifia, ni mahali tu tulipojaaliwa kuwepo.

Kenya kwa mujibu wa katiba yake hupiga kura Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hivyo inayofuata baada ya 2022 ni ya 2027. Ninachokiomba kwa mwenyekiti ni watu. Wawili wanaojua JavaScript, mmoja aandike, wa pili amkague na kazi yake iwe kutomuamini. Mmoja wa kutunza mafaili na orodha ya alama. Mmoja mwenye kuijua sheria ya hapa, asome kila tunachotaka kukifanya kabla hatujakifanya. Na wasomaji wa fomu kwa jozi, wengi iwezekanavyo. Kwa kila jozi ningependa awepo shabiki wa upande mmoja na shabiki wa upande wa pili, na kwa jinsi ninavyowajua nyinyi, kuwapata haitakuwa taabu.

Jaribio la mwanzo tutalifanya kwa fomu 200 za 2022 ambazo ninazo kwenye diski, bila ya kuigusa tovuti ya mtu yeyote. Tovuti ya mazoezi nimeitengeneza mwenyewe inakaa kwenye kompyuta yangu, na nimeifanya iwe nzito na yenye kukatika makusudi, ili waandishi wa programu wajifunze kusubiri. Mwenye kompyuta ya mkononi aje nayo na chaja, Node.js iwe imeshawekwa. Asiyekuwa nayo aje na miwani yake ya kusomea.